Vifurushi vya Jua la Utosi

Jinja na Mbale, miji ya mashariki mwa Uganda, hazina kiangazi cha Ulaya. Jinja iko karibu nusu nyuzi kaskazini ya ikweta, Mbale nyuzi moja na kidogo, na mchana wa huko hauachani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima. Joto kali huja Januari hadi Machi, katika ukavu ambao kwa Kiganda huitwa ekyeya, jua likiwa njiani kuelekea kusimama wima juu ya ikweta tarehe 20 au 21 Machi. Katika miezi hiyo kipimajoto cha mchana mjini Jinja husoma karibu nyuzi 29 za Selsiasi, na Mbale hupita 30 mara kwa mara. Kwa mtu wa Juba, ambako shule zilifungwa kwa sababu ya joto Machi 2024 na tena Februari 2025, tarakimu hizo ni za siku ya kawaida. Hata hivyo watu wanaoishi kwa kupeleka vifurushi katika miji hii miwili hulumbana juu ya joto kila mwaka, na malumbano hayaishi kwa kuwa kila upande unapima kitu chake na wote wanakiita kwa jina moja.

Upande wa kwanza unakaa nyuma ya kaunta. Ni makarani wa ofisi za vifurushi kwenye vituo vya mabasi, pamoja na wenye maduka wanaoagiza mali Kampala: vipuri, nguo, simu, dawa za duka, keki ya harusi. Mzigo hufungwa kwa selotepu, namba ya simu ya mpokeaji huandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, kisha huingizwa kwenye buti la basi. Ukifika, karani hupiga simu, na mara nyingi mpokeaji haji mwenyewe, humtuma mtu wa bodaboda. Hoja ya Kaunta ni fupi. Nyuzi 30 hazijawahi kumzuia mtu kufanya kazi. Wakata miwa wa Kakira wako shambani muda huohuo, na mwenye pikipiki angalau anapata upepo.

Upande wa pili ni Steji, yaani kile ambacho Watanzania wangekiita kijiwe: kundi la waendesha pikipiki na wachache wa baiskeli ambao bado hawajaondoka mjini. Wana haki ya kuzungumza kwa kujiamini, maana kazi yao ilizaliwa jirani. Neno bodaboda lilitokea Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, watu wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na bidhaa kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Steji haizikatai nyuzi 30. Inauliza zilipimiwa wapi.

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya nyasi, kwenye kimo cha kifua cha mtu. Kinapima hewa peke yake, na kimewekewa kivuli makusudi ili jua lisikiguse. Mwendesha pikipiki hana kisanduku. Lami ya mchana wa Februari hufika nyuzi 50 na zaidi, na joto lake humpanda kutoka miguuni. Injini yake, ambayo haina cha kuipoza isipokuwa hewa, iko katikati ya magoti. Kando yake kuna bomba la ekzosi, na kovu la moto kwenye shavu la mguu ni alama wanayoshiriki waendeshaji na abiria wao. Wataalamu wa afya ya kazi wana kipimo kinachojaribu kuyajumlisha haya. Hutumia vipimajoto vitatu: kimoja kimevikwa kitambaa chenye maji, kuonyesha jasho linaweza kukauka kwa kasi gani, kingine kimo ndani ya tufe jeusi linalofyonza mionzi ya jua, cha tatu ni kile cha kawaida cha hewa. Kwa mtu aliye juani, hesabu humpa chenye maji asilimia 70, tufe asilimia 20, na hewa asilimia 10 tu. Tarakimu ambayo Kaunta inaitegemea ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote.

Hoja ya upepo, kwa upande mwingine, ni ya kweli, na Steji hukosea inapoipuuza. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ya nyuzi 30 inayompiga kwa kasi humpunguzia joto, na jasho likikauka huondoka na mzigo mkubwa zaidi, kwani lita moja ya jasho iliyokauka hubeba karibu kilokalori 580. Kasoro za upepo huo ni mbili. Kwanza, hukausha jasho kabla mwenyewe hajaliona. Mtu anayetoka katikati ya Jinja kwenda Bugembe na kurudi anaweza kupoteza maji mengi na shati lake likabaki kavu, akaapa kwamba hakutoka jasho. Pili, upepo hukoma pikipiki inaposimama, na kazi hii ina kusimama kwingi: foleni, kuulizia nyumba, kumpigia mpokeaji simu isiyopokelewa, kumngoja getini aende akatafute chenji. Hapo jasho hububujika kwa mkupuo. Ukijumlisha siku nzima, sehemu kubwa ya joto la mpeleka vifurushi haimo katika kwenda bali katika kungoja, na kungoja hakulipwi.

Mjadala hukolea unapofika kwenye saa. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ambayo hupita karibu na Mogadishu. Jinja na Mbale ziko mbali magharibi ya hapo, kwenye longitudo za 33 na 34, kwa hiyo jua huchelewa. Saa sita mchana ya ukutani si saa ya jua la utosi. Mwezi Februari jua hufika kileleni karibu saa saba, katika miji yote miwili, Mbale ikitangulia kwa dakika chache. Hewa nayo hufikia joto lake la juu baadaye, kwenye saa tisa, kwa kuwa ardhi inaendelea kutoa ilichokimeza. Dirisha baya ni saa sita hadi saa kumi.

Sasa itazamwe ratiba ya mabasi. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80. Basi linaloondoka alfajiri hupenya Mukono na msitu wa Mabira, huvuka daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018, na vifurushi huwa kaunta kwenye saa tatu au saa nne asubuhi. Mtu wa Jinja anaweza kumaliza mizigo yake mingi kabla jua halijasimama. Mbale iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala. Basi hilohilo la alfajiri hufika huko karibu saa sita, lililochelewa kidogo kuondoka hufika saa saba. Buti hufunguliwa wakati uleule jua liko utosini, na simu za wapokeaji huanza kulia zote kwa pamoja. Tofauti ya joto kati ya miji hii miwili kwenye kipimajoto ni nyuzi moja au mbili. Kwa mtu wa vifurushi tofauti ni kubwa zaidi, na haikuletwa na Mlima Elgon wala Ziwa Viktoria. Imeletwa na ratiba ya basi.

Kaunta hujibu kwa jibu ambalo lingemridhisha mtu yeyote asiye na deni: mzigo hauozi, jua likikaza mtu apumzike hadi saa kumi, nani kamkataza?

“Bosi,” Steji hujibu, “pumziko lako lina mshahara. Langu lina deni.”

Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Ama ni ya tajiri anayedai fedha yake kila siku au kila wiki, ama imechukuliwa kwa mkopo unaolipwa kwa wiki, na wiki haijui Februari. Malipo ya kazi ni kwa safari. Saa nne za kivuli katikati ya mchana ni saa ambazo mabasi yanafika, maduka yanaagiza na maofisi yanataka chakula. Anayelala chini ya mwembe atakuta mizigo imechukuliwa na mwenzake, na mwenzake naye hakuwa na hamu ya jua. Aliogopa tu kulala. Kila mmoja angekuwa na hakika kwamba wengine wote watapumzika, angepumzika. Hakika hiyo hakuna wa kumpa.

Zipo steji ambazo hupunguza shida hii kwa zamu, kwa utaratibu uleule wa foleni wanaoutumia kwa abiria: aliyetoka na mzigo wa saa saba hukaa mkiani hadi wengine wapite. Utaratibu huo hauhitaji fedha wala sheria, unahitaji mwenyekiti wa steji mwenye sauti. Unavunjika pale mteja anapompigia simu moja kwa moja kijana anayemfahamu, na biashara ya vifurushi hujengwa kwa kufahamiana.

Mavazi ni ugomvi wa pembeni lakini hauachi kurudi. Alfajiri ya Mbale ina baridi inayoshuka kutoka mlimani, na barabara za murram zina vumbi, kwa hiyo mtu huvaa jaketi zito, mara nyingi kalivaa nyuma mbele ili kifua kisipigwe na upepo. Saa saba bado analo. Kaunta huona ni ujinga. Steji husema jaketi linazuia jua. Hapa huingia sauti ya tatu, ya Zahanati, na kugawa ushindi. Kufunika mikono na shingo ni sahihi, kwani mionzi ya jua ikigonga kitambaa haigongi ngozi, na karibu na ikweta kiwango cha mionzi inayounguza huwa cha hatari adhuhuri hata mawingu mepesi yakiwapo. Lakini kitambaa kiwe chepesi, cheupe au cha rangi hafifu, na kipwaye ili hewa ipite. Jaketi jeusi la plastiki linakinga jua na kufungia jasho humohumo. Vazi lililobuniwa vizuri kuliko yote kwa joto kavu liko tayari katika kila mtaa wa Waislamu wa Mbale, nalo ni kanzu. Bahati mbaya mnyororo wa pikipiki hupenda kanzu kuliko mwenyewe anavyoipenda.

Helmeti ina habari yake. Sheria za Uganda humtaka mwendeshaji aivae, na wodi za majeruhi zina sababu ya kukubaliana na sheria. Kwenye saa saba helmeti nyingi huwa zimevalishwa kioo cha pembeni. Steji hulalamika kwamba ndani yake ni tanuri, na haisemi uongo kuhusu ile nyeusi iliyoachwa juani juu ya tangi. Nyeupe, iliyowekwa kivulini wakati wa kungoja, na kitambaa chenye maji chini yake, huvumilika. Zahanati haikubali mjadala zaidi ya hapo.

Zahanati ina mengi ya kusema kuhusu maji. Mtu anayetoka jasho saa nzima juani anahitaji kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20, kabla kiu haijamkumbusha, lakini isizidi lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji matupu mengi kupita kiasi huipunguza chumvi ya damu nayo huwa hatari nyingine. Anayetoka jasho siku kutwa hupoteza chumvi pamoja na maji. Mchanganyiko wa nyumbani ni ule unaofundishwa kwa watoto wenye kuhara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mitaani kuna vinavyokaribia hapo bila kukusudia. Muwa wa Busoga, yaani eneo la Jinja, uliokatwa vipande na kuuzwa kwenye toroli ni maji na sukari. Karanga za chumvi zikifuata, hesabu imekaribia kutimia. Munanansi, kinywaji cha maganda ya nanasi na tangawizi, kinafaa kama maji yake yalichemshwa. Mairungi, yaani miraa, ni kinyume chake: humfanya mtu asisikie njaa, kiu wala uchovu, huku moyo ukienda mbio na mwili ukizidi kupata joto, na uchovu ndio kengele pekee aliyonayo.

“Maji tunayajua, daktari,” Steji hujibu. “Ukituambia tunywe, tuambie na pa kukojoa.”

Jibu hilo hufanya watu wacheke, lakini limebeba ukweli ambao vitabu vya afya huuruka. Choo cha stendi ni cha kulipia, na mtu anayelipwa kwa safari hukwepa gharama na dakika zote mbili kwa kutokunywa. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi jioni ni ushahidi wake. Miaka ya kuishi hivyo huelemea figo. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo, ambao hupoza maji kwa kuvuja kidogo kidogo na kukauka, hugharimu kidogo sana na huweza kuhudumia steji nzima. Ufunguo wa choo cha msikiti au cha kituo cha mafuta kilicho jirani, ulioombwa kwa heshima na mwenyekiti, una faida kwa afya kuliko chupa nyingi za soda baridi.

Zahanati ina hofu nyingine ya kienyeji kabisa. Dalili za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, mwili kuwa moto. Mashariki mwa Uganda orodha hiyo ina jina tayari. Busoga na wilaya zinazopakana nayo zina malaria nyingi, na mwendeshaji anayejisikia hivyo saa tisa huingia duka la dawa, hununua dozi ya malaria, huimeza, hurudi barabarani. Jioni akiwa kwake kivulini hupata nafuu, naye huishukuru dawa. Ushauri ni rahisi: kaa kivulini, legeza nguo, kunywa, jimwagie maji, ngoja nusu saa. Joto la jua huanza kuondoka. Homa ya malaria haiondoki kwa kivuli, hurudi na baridi yake, na kipimo cha damu cha dakika chache huithibitisha. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, joto la ndani ya mwili wake huenda limevuka nyuzi 40. Huyo asiwekwe kwanza juu ya pikipiki kukimbizwa hospitali ya rufaa. Amwagiwe maji mengi palepale, apepewe, wakati usafiri unatafutwa, kwani ubongo hupikika kwa dakika.

Mwili hujifunza joto kwa siku saba hadi 14: huanza kutoa jasho mapema, hupunguza chumvi katika jasho hilo, na moyo hutulia. Hujifunza na husahau. Anayepumzika nyumbani Krismasi kwa wiki kadhaa hurudi steji katikati ya Januari akiwa mgeni wa jua. Wageni hasa ni vijana waliomaliza mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka, ambao hukabidhiwa pikipiki ya mjomba mwezi uleule joto linapoanza kukaza. Miongozo ya Marekani ya afya ya kazi humpa mgeni wa joto asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza na kuongeza kiasi hicho kila siku. Steji hufanya kinyume: mgeni ndiye anayetumwa mbali na kwa bei ndogo, kwa kuwa hana wateja.

Sauti ya nne ni ya Waliorudi. Waganda wengi wamefanya kazi Ghuba, baadhi yao kwenye pikipiki za kupeleka chakula na vifurushi, na wakirudi Jinja hawana subira na malalamiko ya nyuzi 30. “Ndugu zangu, ninyi mnacheza,” husema. Kisha, wakihojiwa zaidi, husimulia mambo ambayo hayaisaidii Kaunta. Falme za Kiarabu husimamisha kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Oman husimamisha saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Qatar, tangu 2021, inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni hadi katikati ya Septemba, na kazi husimama saa yoyote kile kipimo cha vipimajoto vitatu kikivuka nyuzi 32.1. Wapeleka vifurushi wa Falme za Kiarabu hawakuingizwa katika marufuku ya nchi hiyo. Wamewekewa badala yake maelfu ya vituo vya kupumzikia vyenye kiyoyozi. Kwa hiyo hata huko, penye sheria na fedha, mtu wa pikipiki alibaki pembeni ya sheria na kupewa kivuli.

Marekani suala lilipitia mezani kwa mwajiri. Mkataba wa 2023 kati ya kampuni ya UPS na chama cha wafanyakazi cha Teamsters uliweka kwamba magari mapya ya vifurushi yanayonunuliwa kuanzia 1 Januari 2024 yawe na viyoyozi, na ya zamani yapewe feni na kinga ya joto la ekzosi. Mjini Mbale hakuna wa kukaa upande wa pili wa meza hiyo. Uganda ina Sheria ya Ajira na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, zote za 2006, na zote huanzia kwa mwajiri. Mwenye pikipiki hudai ni mkodishaji, duka hudai ni mteja, ofisi ya basi hudai kazi yake iliishia kwenye kaunta. Kila mmoja ana risiti ya kuthibitisha.

Madereva wa vani na malori madogo yanayozunguka kati ya miji hii, walio sauti ya Usukani, huchukuliwa kuwa na nafuu. Wana paa. Paa hilo ni la bati, kioo cha mbele huingiza jua na kulifungia ndani, na boksi la mizigo lililofungwa tangu asubuhi hupita joto la nje kwa nyuzi nyingi, kiasi kwamba kuingia humo kutafuta katoni dakika tano ni kazi nzito kuliko kuendesha saa nzima. Milango yote ifunguliwe kwanza, hewa itoke, ndipo mtu aingie. Na mizigo ipangwe kwa mpangilio wa kushushwa, ya kwanza mlangoni. Barabara ya Iganga, Namutumba, Tirinyi na Kamonkoli hukatiza mabonde ya mpunga ambako hewa ni nzito na miti ya kando ni haba. Usukani una jambo moja ambalo wengine hawalifikirii. Anayelala Jinja huenda Mbale asubuhi akielekea kaskazini-mashariki, jua machoni. Hurudi jioni akielekea kusini-magharibi, jua machoni tena. Anayelala Mbale na kwenda Jinja hulipa jua kisogo safari zote mbili. Njia ni ileile na mafuta ni yaleyale, na tajiri wa gari anaweza kuchagua.

Mzigo wenyewe haujaachwa nyuma katika mjadala huu, na pengine ndio uliotangulia. Samaki wanaotoka mwalo wa Masese mjini Jinja husafiri katika barafu. Keki hupewa boksi lenye povu. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwenye kasha lake imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Kaunta inajua kwamba mzigo ukiharibika italipa, kwa hiyo kinachobebwa kina maelekezo yake ya joto. Anayekibeba hana.

Ugomvi wa kivuli ndio unaogusa mji mzima. Katikati ya Jinja, maduka yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi zamani za ukoloni yana baraza za mbele zilizofunikwa, na mtu anaweza kungoja simu huko bila jua, mwenye duka akiridhia. Busoga ilisifika kwa mivule iliyopandwa kando ya barabara, na sehemu kubwa iliishia kuwa mbao na milango. Milima inayoizunguka Mbale imepandwa mamilioni ya miti kwa miradi ya miaka ya karibuni, na ni kazi ya maana kwa udongo na mito yake, hasa kwa mji uliopoteza watu katika mafuriko ya mito Nabuyonga na Namatala mwishoni mwa Julai 2022. Lakini mti ulioko mlimani haumkingi mtu anayengoja kwenye stendi. Steji ingependa michache kati ya hiyo iteremke. Kaunta husema mti wa kando ya barabara huziba ubao wa duka. Wakati wakibishana, mtu wa Mbale anayetumwa na mzigo mlimani, Sipi au Wanale, huupata ubaridi bila mti, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda hushusha joto kwa nyuzi 6 hivi, na hurudi shingo imeungua, kwani mionzi huongezeka kadiri hewa inavyopungua.

Katika miaka hii kuna jambo lingine linaloipa Mbale uzito wa pekee. Mji una Waislamu wengi, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kiko Nkoma tangu 1988. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua: 2024 ilianza Machi kabla ya katikati ya mwezi, 2025 siku za kwanza za Machi, 2026 katikati ya Februari, na miaka inayofuata itasogea Januari. Yaani mfungo umekaa juu ya joto na utakaa hapo miaka kadhaa. Funga ya ikweta ni ya saa 13 na kidogo, haina urefu wa kutisha, lakini saa nne kati yake ni zile za jua la utosi. Hapa Kaunta yenyewe hulegea, kwa sababu wateja wengi pia wamefunga: mizigo isiyo ya haraka hulala hadi alfajiri au hupelekwa baada ya futari, na mji huzoea. Daku yenye uji na maji ya kutosha hubeba mengi. Sheria ya dini humruhusu mgonjwa na msafiri kula na kuzilipa siku zake baadaye. Dereva wa vani wa Jinja hadi Mbale, kwa umbali wake, ni msafiri bila ubishi. Mtu wa pikipiki anayezunguka Namakwekwe na Nkoma kutwa juani, akimaliza labda kilomita zilezile kwa vipande, yuko nyumbani. Suala lake hupelekwa kwa sheikh kwa jina la ugonjwa, si la safari.

Mvua za masika huanza kurudi kuelekea mwisho wa Machi, na watu hudhani ugomvi umekwisha. Siku ngumu kuliko zote huwa zile zinazofuata mvua ya kwanza. Jua bado liko wima, ardhi inavukiza maji, hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki tena hata pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Kipimajoto cha kisanduku cheupe hushuka nyuzi mbili, kile kilichovikwa kitambaa chenye maji hupanda. Kaunta husoma cha kwanza na kutangaza kwamba kumepoa. Wiki mbili baadaye kunapoa kweli, barabara za mlimani zinageuka utelezi, na Steji huanza kudai nyongeza ya matope.